Spea za Datsun 240Z Ukiwa Tanga: Ununue Nini, Uache Nini, na Uzitunzeje Zisiliwe na Chumvi

Wengi wenye gari la spoti la miaka ya sabini hujaza kabati plagi, filta na pedi za breki, wakajiona wamejipanga. Vitu hivyo ukivitaka kesho unavipata Ngamiani kabla ya chai ya saa nne. Gari likija kulala, litalazwa na kitu ambacho hakuna duka la Tanga limewahi kukiuza: mpira wa kioo cha mbele, swichi ya kuwashia, sinkro ya gia ya pili (ringi inayoifanya gia iingie bila kukwaruza), lenzi ya taa ya nyuma. Kwa hiyo stoo ya spea hupangwa kwa kuanzia nyuma. Unajiuliza kwanza ni kitu gani kitalilaza gari miezi sita, ndipo unatoa pesa mfukoni.

Nitatumia Datsun 240Z kama mfano. Ilitengenezwa kuanzia mwisho wa 1969 hadi 1973, ina injini ya L24 yenye silinda sita za mstari mmoja, sisi 2393, na kabureta mbili. Wazee wa Afrika Mashariki wanaikumbuka kwa mashindano ya Safari Rally: mwaka 1971 aliishinda nayo Edgar Herrmann akiwa na Hans Schüller, na 1973 Shekhar Mehta akiwa na Lofty Drews. Mwenye Celica, MGB au Peugeot 504 kupé atafuata utaratibu huu huu, ila namba zitakuwa za gari lake.

Hatua ya 1: Lijue gari ulilo nalo, si lile la kwenye kitabu

Gari la miaka hamsini limepita mikononi mwa mafundi wengi, na kila mmoja ameacha chake. Usinunue hata boliti kabla hujaingia chini yake ukalikagua. Namba ya injini imegongwa kwenye bloku na huanza na aina ya injini yenyewe. Ukikuta L28 badala ya L24, mtu alishabadilisha injini, na orodha yako ya pistoni, ringi na gasketi ya hedi inabadilika yote, kwa kuwa silinda za L24 zina kipenyo cha mm 83 na za L28 mm 86. Tazama kabureta ni zile za asili au zimewekwa nyingine. Tazama gia boksi ni ya gia nne au tano. Distributa, inayogawa moto kwa plagi, je, ina pointi (swichi ndogo ya kukata na kuunganisha umeme) au imeshageuzwa ya elektroniki?

Kila kinachofunguliwa gereji, kipime na ukipige picha kabla hakijarudishwa. Beringi ina namba yake pembeni, na oili sili ina tarakimu tatu: kipenyo cha ndani, cha nje na unene. Ziandike. Ukimwendea mwenye duka ukamwambia "naomba beringi ya Datsun ya zamani," atakujibu "hiyo haipo kaka," tena bila kuinuka. Ukimwambia "naomba 6205," ananyanyua mkono rafuni, kwa sababu 6205 ni 25 kwa 52 kwa 15 popote duniani, iwe imefungwa kwenye gari, pampu ya maji ya shambani au mashine ya kukoboa.

Halafu jifunze kusoma namba za Nissan. Namba ya spea ina tarakimu na herufi kumi, tano kwa tano. Tano za kwanza zinataja kitu chenyewe: 11044 ni gasketi ya hedi, 13028 taiming cheni, 21010 wota pampu, 30100 sahani ya klachi, 46010 masta silinda ya breki. Tano za mwisho zinataja toleo. Muuzaji akikutumia picha ya boksi lililochakaa kutoka nje, tano za kwanza zinakuonyesha kama mnaongea kitu kimoja, na za mwisho unazilinganisha na katalogi ya gari lako. Zile za mwisho zikitofautiana usikate tamaa mapema, maana kiwanda hubadilisha namba kila kinapoboresha kitu. Uliza tu kabla hujalipa.

Hatua ya 2: Tenganisha kinachopatikana na kitakacholilaza gari

Vya kawaida weka seti moja tu. Plagi ni NGK BP6ES, zipo. Fenibelti, balbu, filta, mafuta, beringi na sili za saizi za kawaida zipo pia. Pesa uliyofungia humo imelala bure.

Vinavyoweza kutengenezwa hapa hapa, usivinunue kabisa. Mabomba ya egzosi, paipu za mafuta, bushi za chuma, rejeta ya kuwekewa kiini kipya, gasketi za karatasi za wota pampu na za kava: fundi kerezo na fundi rejeta wapo, na wanajua kazi. Tunza sampuli iliyo sawa ili wapimie, na weka shiti moja ya karatasi ya gasketi. Breki ndipo ninapokataa. Pistoni ya wilsilinda, ile silinda ndogo ya breki iliyo kwenye gurudumu, haichongwi kwa chuma chochote kilichookotwa karakana, hata fundi akuapie.

Kuna vya ndugu. Injini ya L24 ina ukoo mkubwa, na L28 ilifungwa kwenye Datsun 280C na kwenye Nissan Patrol za petroli za miaka ya themanini. Patrol ya namna hiyo ukiikuta imelala nyuma ya gereji Muheza au Korogwe, imeota majani hadi mlangoni, ongea na mwenyewe kabla wanunuzi wa chuma chakavu hawajafika. Taiming cheni na gia zake, roka, kava na boliti zake vina kazi kwako. Wota pampu pia, ila linganisha urefu wa shafti ya feni kwanza. Distributa ya elektroniki ya Datsun 280ZX, zilizotoka kuanzia 1978, inakaa kwenye L24 na inakupumzisha na pointi. Ukiifunga, ile ya pointi isafishe na kuihifadhi ikiwa kamili, kwa sababu moduli, yaani kisanduku chake cha elektroniki, ikifa huko barabarani hakuna wa kuifufua.

Fungu linalobaki ndilo la kutolea pesa. Masta silinda ya breki na ya klachi, na wilsilinda za nyuma. Sinkro ringi za gia boksi. Swichi ya kuwashia na swichi za usukani. Mpira wa kioo cha mbele na kioo chenyewe, kama una mahali pa kukisimamisha. Lenzi za taa za nyuma. Hedi iliyo nzima, isiyo na ufa. Kifaa cha kupandishia vioo vya milango. Kabureta nzima nayo inunue ikiwa na kuba na pistoni yake, maana viwili hivyo vimelinganishwa kiwandani na hukwama au hupitisha hewa ukichanganya cha hii na cha ile. Anayekuuzia kuba peke yake anakuuzia pambo.

Kuna spea moja ambayo watu wa Ulaya wanahangaika nayo na wewe unaweza kuisahau, nayo ni bomba la hita, yaani koki ya kufungulia maji yake ya moto. Linavuja katika magari mengi ya zamani, linamwaga maji ya moto miguuni kwa abiria. Hapa pwani nani anawasha hita? Unganisha paipu mbili za injini kwa hosi moja, tunza bomba la asili kwenye boksi kwa ajili ya atakayelinunua gari baadaye, na uendelee na safari. Watu wa Lushoto mna maamuzi yenu.

Hatua ya 3: Kiasi gani

Chuma kigumu kinavumilia kabatini, kwa hiyo ukipata sinkro ringi mbili kwa bei nzuri, chukua zote. Mpira unazeeka hata usipoguswa, kwa hiyo mpira nunua wa kutumia, usinunue wa kurithisha. Hosi, bushi za mpira, repea kiti za breki na kiwambo cha pampu ya mafuta: seti moja iliyofungwa na moja kabatini. Ikiingia ya kabatini, ndipo unaagiza nyingine.

Tairi usiweke kabisa, zaidi ya ile ya spea. Umri wake umeandikwa ubavuni kwa tarakimu nne, wiki na mwaka, kwa hiyo 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi iliyokaa stoo miaka minane inang'aa kama mpya, kisha inapasukia Segera.

Je, ununue gari zima la kubomoa? Kama lipo na bei inaongea, ndiyo, kwa sharti kwamba libomolewe ndani ya wiki chache na vitu viingie ndani vikiwa vimesafishwa. Gari la spea linaloachwa uani chini ya mwembe, mvua za masika zikipita mara mbili, linabaki bodi ya kutoboka kwa kidole, na siku unalihitaji kila boliti inakatika kichwa. Bodi za 240Z zina sifa hiyo hata zikitunzwa: chini ya betri, sakafu, vizingiti vya milango na matao ya magurudumu ya nyuma.

Hatua ya 4: Pa kununulia

Anza Dar es Salaam, Kariakoo na Gerezani, kwa vitu vya injini na vya saizi. Ni kama kilomita 350, na mzigo unapanda basi jioni hiyo hiyo. Mwambie anayetuma aandike "kioo" juu ya kila kitu hata kama ni chuma, utakipata kikiwa kizima.

Mombasa na Nairobi ndiko kwenye watu wanaozijua 240Z hasa, kwa sababu mashindano ya magari ya zamani ya Safari Classic, yaliyoanza 2003, yamezifanya Datsun hizi ziendelee kukimbia na kuvunjika. Ukinunua huko, pita mpakani Horohoro na risiti yako na utangaze mzigo. Anayekushauri njia za panya kwa ajili ya masta silinda hajapiga hesabu ya faini, achilia mbali kunyang'anywa mzigo.

Ukiagiza nje ya Afrika, kumbuka usukani. Magari ya Marekani yana usukani kushoto. Injini, gia boksi, breki za magurudumu na difu hazina shida, lakini usukani wenyewe, dashibodi na mifumo ya wepa tafuta Japani, Uingereza au Australia. Forodha inakokotoa kodi juu ya bei ya kitu pamoja na usafiri na bima, kisha VAT ya asilimia 18 inakaa juu ya jumla hiyo na ushuru. Spea ndogo iliyosafirishwa kwa ndege peke yake unailipia usafiri mara mbili, kwanza kwa msafirishaji, kisha ndani ya kodi. Kusanyeni oda watu wawili watatu. Ankara itenganishe spea za injini na za gari, maana vifungu vyake vya ushuru ni tofauti, 8409 na 8708, na ankara iliyoandikwa "spea mchanganyiko" inakaribisha maswali.

Tahadhari moja kuhusu "mpya ya zamani", yaani spea ya miaka ya sabini ambayo haijawahi kufungwa. Kwa chuma ni dhahabu. Mpira wake hesabu umekufa, ubadilishe. Brek shuu na sahani za klachi za enzi hizo zilitengenezwa kwa asbestosi, ambayo vumbi lake linaua mapafu. Usizipige msasa, usizipulize kwa kompresa. Mimi nisingezinunua kwa bei yoyote, kwa kuwa shuu za sasa zinabandikwa upya juu ya chuma kile kile.

Hatua ya 5: Kuhifadhi, ambako ndiko spea nyingi za Tanga zinakofia

Hewa yetu ina chumvi na ina unyevu, na kusi likivuma vyote viwili vinaingia hadi kwenye droo iliyofungwa. Nyumba ya Raskazone inakula chuma kuliko ya Pongwe, lakini hakuna inayosamehe. Chukua wilsilinda ya alumini iliyokaa miaka mitatu kwenye boksi lake la karatasi, halafu jaribu kusukuma pistoni kwa kidole gumba. Haisogei. Ukiigonga inatoka na unga mweupe, na ndani ya silinda kuna vishimo vidogo ambavyo hakuna sili itakayoziba. Spea hiyo haikuwahi kuonja barabara.

Chagua chumba cha ndani cha tofali, chenye dari, mbali na ukuta unaopigwa na mvua. Kontena linavutia kwa kufuli lake, lakini mchana linakuwa tanuri na usiku linatoa jasho ndani. Usiweke spea chumba kimoja na mashine ya kuchomelea, jenereta au asidi ya betri: moto wa umeme unatengeneza ozoni inayopasua mpira, na mvuke wa asidi unakula kila kitu kilicho jirani.

Chuma kinaandaliwa hivi. Kioshe kwa mafuta ya taa, kikaushe kabisa, na kuanzia hapo usikiguse kwa mkono mtupu. Jasho la vidole lina chumvi. Beringi iliyoshikwa bila glavu na kufungwa hivyo hivyo utaikuta baada ya wiki chache ina alama ya kidole chako, mistari yote, imeandikwa kwa kutu. Paka oili nzito au grisi nyepesi, funga kwa karatasi ya nta, tia kwenye mfuko mnene wa plastiki uliofungwa kwa joto, kisha kwenye ndoo ya rangi ya lita 20 yenye mfuniko unaobana. Ndoo hizo ni hazina. Haziingizi maji, panya hawezi, mchwa hawezi, na mafundi rangi wanaziuza kwa bei ya kuongea. Ioshe vizuri tu. Gazeti usifungie chuma, linavuta unyevu na kuushikilia pale pale. Beringi mpya iliyo kwenye pakiti yake usiifungue kwa udadisi, iache na mafuta ya kiwandani.

Ndani ya kila ndoo weka vipakiti vya kukausha hewa, vile vya kwenye viatu, vingi kuliko unavyodhani. Vile vya chembe za rangi vinakuonyesha vimeshiba, na ukivitia chembe zake kwenye oveni ya kama nyuzi 120 kwa saa kadhaa vinarudi kazini.

Masta silinda na wilsilinda zina sheria yake. Zifungue hata kama ni mpya, paka grisi nyekundu ya mpira inayotengenezwa kwa ajili ya breki, zirudishe, ziba matundu. Grisi ya kawaida au oili ya injini ikigusa mpira wa breki unavimba, na utaligundua hilo siku breki zinakataa kuachia mteremkoni.

Mpira unataka giza, unga wa talki na kulala bila kukunjwa. Fenibelti ikitundikwa msumarini inapata kona pale pale na haitaisahau. Kila mwaka kunja kipande kwa vidole na ukitazame kwenye mwanga. Ukiona nyufa nyembamba kama nywele, kiondoe, usimpe hata rafiki.

Vilivyobaki havina maneno mengi. Shokapu zisimame wima. Krankishafti isimame, isilazwe miaka. Sahani ya klachi na gasketi zilale bapa, mbali na oili. Kioo kisimame juu ya mbao zenye zulia, kamwe kisilazwe.

Hatua ya 6: Daftari

Kila ndoo namba, kila kitu mstari mmoja: namba ya spea, kimetoka wapi, tarehe kilipoingia, tarehe ya mwisho kukaguliwa. Piga picha kurasa zote na umtumie mtu mmoja wa nyumbani. Ukaguzi uwe Februari, kabla masika hayajaleta unyevu. Fungua ndoo moja moja, kausha vipakiti, paka oili upya palipokauka.

Kisanduku cha kwenye buti

Kwa safari ya Dar au ya Usambara hubebi stoo nzima. Beba vinavyokufa ghafla na kubadilishwa barabarani kwa spana nne: seti ya pointi na kondenza, rota, koili, fenibelti, hosi ya juu ya rejeta, fyuzi, mita mbili za waya, klipu za hosi, pampu ndogo ya mafuta ya umeme ya kushika nafasi ikiwa ile ya injini imekufa, lita moja ya mafuta ya breki ambayo haijafunguliwa, na fila geji.

Ndani ya mfuniko bandika karatasi iliyofunikwa plastiki yenye namba ambazo fundi wa Mombo au Chalinze hana pa kuzitafuta: mwanya wa pointi mm 0.45 hadi 0.55, valvu injini ikiwa ya moto mm 0.25 za kuingiza na 0.30 za kutoa, mpangilio wa kuwaka 1-5-3-6-2-4. Chini yake andika simu ya mtu mwenye ufunguo wa stoo, na namba ya ndoo ya kila kitu kikubwa, ili akipigiwa saa mbili usiku ajue achukue ipi na aipeleke basi la alfajiri.